Mchele Mmoja, Mapishi Mbalimbali: Je, Nani Anapika Nyumbani Kwenu?



Mada yetu ya leo huenda ikawashangaza baadhi yenu. Mmezoea kusoma katika ukurasa huu habari za uaminifu, malezi ya watoto, mahari na wakwe. Leo tuingie jikoni. Tutazungumza juu ya pilau, chapati, pojo za nazi na vyakula vingine vyenye asili ya Asia, ambavyo wengi wetu tunavipenda lakini tunavila hotelini au harusini tu. Ndugu msomaji mwanamume, usifungue ukurasa mwingine ukisema, "Haya ni mambo ya akina mama." Nimeona ndoa ikitetereka kwa sababu ya sahani ya chakula, na nimeiona ndoa hiyo hiyo ikisimama tena kwa sababu ya sufuria.

KISA CHA SAHANI YA UGALI

Hapa kisiwani Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, watu hupata riziki yao kwa kuchimba mawe ya kujengea kule Maweni, kwa kuvua samaki, kwa kuendesha mashua na kwa kufanya kazi katika hoteli za watalii zilizo ufukweni. Kati yetu Wakatoliki, wengi ni sisi wenyewe au wazazi wetu waliotoka bara kutafuta kazi.

Ndugu mmoja alikuwa mpishi hotelini. Sitataja jina lake, na nimebadilisha mambo mawili matatu ili asitambulike. Mchana kutwa aliwapikia wageni biriani, mchuzi wa kamba na chapati laini. Jioni akirudi nyumbani alimkuta mkewe ameandaa ugali na mchicha, au ugali na omena. Mwanzoni alinyamaza. Baadaye akaanza kuisukuma sahani pembeni. Mwishowe alitamka neno mbele ya watoto: "Hiki nacho ni chakula cha kumpa mtu?" Tangu siku ile akawa anakula huko huko kazini, anarudi nyumbani kulala tu.

Mkewe hakujibu. Alilibeba neno hilo moyoni kwa miezi mitatu. Walipokuja kwangu, mume ndiye aliyesema sana: kwamba mkewe hajitahidi, hataki kujifunza, hajali. Mama yule alisubiri mpaka mumewe akamaliza, kisha akasema akitazama chini: "Katekista, huyu anajua kupika kila kitu. Lakini watoto wake hawajawahi kuonja alichopika."

Mume alifungua kinywa ajibu, akakosa neno. Hata mimi nilikosa neno. Wakati ule nilikuwa na miaka 15 katika ndoa, na mke wangu alikuwa hajanywa hata kikombe kimoja cha chai niliyoichemsha mimi.

Basi tuliangalie jambo hili kwa makini, maana si la nyumba moja.

CHAKULA CHA NANI?

Baadhi ya wanandoa husema, "Sisi ni watu wa ugali. Pilau ni ya Waswahili na Wahindi." Wengine husema kinyume chake: "Ugali ni chakula cha kimaskini, mimi nimezoea wali." Maneno yote mawili yanatokana na kutokujua.

Kisiwa chetu chenyewe kinatufundisha. Katika miaka ya 1960 na 1970 mtaalamu Neville Chittick alichimbua magofu ya mji wa kale wa Manda. Humo yalipatikana mabaki ya vyombo vilivyoletwa kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi na kutoka China, vyenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Mwaka 2013 mtafiti Mkenya Chapurukha Kusimba na mwenzake Sloan Williams walitangaza kuwa wamepata hapa Manda sarafu ya China ya zama za Mfalme Yongle, aliyefariki mwaka 1424. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Asia, na upepo wa kusi ukayarudisha. Watu waliobadilishana bidhaa walifundishana pia mapishi.

Tazama jikoni mwako. Mchele na nazi asili yake ni Asia. Pilipili manga na iliki ni za India ya kusini. Mdalasini tunaouita bora ni wa Sri Lanka. Karafuu ilitoka visiwa vya Maluku, huko Indonesia, ikapandwa Unguja na Pemba katika karne ya 19. Chapati, bajia na achari vilikuja kwetu kutoka India pamoja na majina yake.

Lakini usidhani Wahindi nao walikuwa na kila kitu tangu mwanzo. Pilipili kali, nyanya na viazi vilitoka Amerika. Havikujulikana India kabla ya Wareno kuanza kusafiri huko mwishoni mwa miaka ya 1400. Na mahindi, ndugu yangu unayejivunia ugali wa mababu, nayo yalitoka Amerika. Hivyo hakuna sufuria hapa kwetu ambayo haina kitu cha mgeni ndani yake. Hata Mtakatifu Fransisko Ksaveri alitua Malindi mwaka 1542 akiwa safarini kwenda Goa, nchi ambayo baadaye ilitoa Wakatoliki wengi waliohamia Mombasa, Nairobi na Zanzibar wakiwa na imani yao na mapishi yao.

Kwa hiyo mume asimdharau mke kwa sababu ya ugali, na mke asikatae pilau kwa kusema si ya kabila lake. Wazee walisema mchele ni mmoja, mapishi ni mbalimbali.

BWANA WETU ALIWASHA MOTO

Wanaume wengi husema kupika ni kujishusha. Hebu fungua Injili ya Yohane, sura ya 21. Mitume walikesha ziwani bila kupata kitu. Kulipopambazuka walimkuta Yesu Mfufuka ufukweni, amewasha moto wa makaa, juu yake pana samaki, na mkate upo. Akawaita waje wafungue kinywa. Bwana aliyeshinda mauti aliwaandalia chakula watu waliochoka, na mmoja wao alikuwa amemkana mara tatu. Hakuanza kwa kumkaripia Petro. Kwanza alimlisha, kisha wakazungumza.

Sisi tunaokaa pwani tunaielewa picha hii kuliko watu wengine. Tunajua harufu ya samaki juu ya makaa asubuhi. Basi kama Bwana wetu hakuona aibu kupuliza makaa, wewe mume unaona aibu gani?

Nanyi akina mama, Kitabu cha Mithali sura ya 15 kinatukumbusha kuwa mboga za majani penye upendo ni bora kuliko nyama nono penye chuki. Maana yake ni kwamba pilau lililopikwa kwa hasira, au kwa kushindana na jirani, halijengi nyumba.

WALIVYOPATANA

Wale wanandoa sikuwapa hotuba ndefu. Nilimwomba mume jambo moja: siku yake ya mapumziko, apike nyumbani chakula kimoja anachowapikia wageni, na mkewe awe karibu naye.

Akanunua mchele, nyama na viungo. Akachagua pilau. Huko hotelini amezoea jiko la gesi, anapunguza moto kwa kuzungusha kidole. Nyumbani kuna jiko la makaa. Viungo alivijua barabara, lakini moto ulimshinda. Chini mchele ulianza kuungua, juu bado mbichi. Watoto walikuwa wamekaa wanamtazama baba yao akitokwa jasho.

Mkewe angeweza kucheka. Angeweza kusema, "Haya, mpishi wa Wazungu, tuone." Badala yake aliinuka, akatoa nusu ya makaa chini ya sufuria, akayapanga juu ya kifuniko, akasema, "Sasa tuliache." Mume hakujua kupalia makaa, kazini hakuhitaji. Mke hakujua kipimo cha iliki na karafuu, hakuwahi kufundishwa. Pilau likaiva, si zuri sana, na watoto wakagombania ukoko.

Usiku ule mume aliomba msamaha kwa lile neno lake. Mkewe aliniambia baadaye kuwa samahani ile ilimgusa kwa sababu ilisemwa na mtu mwenye masizi mikononi.

Hili ndilo somo letu la leo: chakula kipya kiingie nyumbani kwa mikono ya wawili. Kikiletwa na mmoja kama amri, kitakuwa mzigo kwa mwingine.

TUPIKE SASA

Anzeni na vyakula hivi vitatu, kutoka chepesi hadi cha sikukuu.

1. Pojo za nazi. Pojo ni zile zile ambazo bara tunaziita ndengu. Chambueni vikombe 2 vya pojo, zioshwe na kulowekwa saa chache ili makaa yasitumike mengi. Zichemsheni mpaka zilainike. Tieni kitunguu maji 1 na nyanya 2 zilizokatwa, chumvi, nusu kijiko cha chai cha manjano, na pilipili 1 nzima isiyopasuliwa kwa ajili ya watoto. Kuneni nazi 1. Tui jepesi la pili litangulie, lichemke pamoja na pojo. Tui zito la kwanza liwe la mwisho, moto ukiwa mdogo, huku mkikoroga polepole ili lisikatike. Dakika chache zatosha. Chakula hiki huliwa kwa wali, kwa chapati, hata kwa ugali. Hapo anayependa ugali na anayependa mchuzi wa nazi hukaa sahani moja bila ugomvi. Kukuna nazi ni kazi nzuri ya kumwanzishia baba: akae juu ya mbuzi, atazame kidole chake kisikwaruzwe.

2. Chapati. Kazi hii ni ya mikono mingi. Kwa kilo 1 ya unga wa ngano tieni chumvi kijiko 1 cha chai, mafuta vijiko 3 vya chakula, na maji ya uvuguvugu kidogo kidogo mpaka donge liwe laini. Likandwe vizuri, lifunikwe, lipumzike nusu saa. Kupumzisha unga ndiko kunakoleta ulaini, wengi hukosea hapa kwa haraka. Gaweni madonge, sukumeni, pakeni mafuta, kunjeni kama kamba, zungusheni, sukumeni tena. Mwenye nguvu akande, mwingine asukume, wa tatu achome. Mume na mke wanaofanya kazi hii pamoja hupata saa nzima ya kuzungumza bila redio na bila simu. Nawaambia, mambo mengi ya karo na ya wakwe yamemalizwa juu ya kibao cha chapati.

3. Pilau. Kwa kilo 1 ya mchele, tafuteni nyama nusu kilo, au zaidi kama uwezo upo. Ichemsheni kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, na supu yake itunzwe. Viungo ni bizari nyembamba vijiko 2 vya chai, pilipili manga kijiko 1, iliki 8, karafuu 6 na vijiti 2 vya mdalasini. Kaangeni vitunguu maji 4 katika nusu kikombe cha mafuta mpaka viwe na rangi ya kahawia. Rangi ya pilau hutoka hapa. Vikiwa vyeupe pilau litakuwa jeupe, vikiungua litakuwa chungu. Tieni viungo, kisha nyama, kisha viazi. Mimineni supu: kikombe 1 cha mchele kwa vikombe 2 vya supu, na kama mchele umelowekwa, punguzeni kidogo. Supu ikichemka tieni mchele, onjeni chumvi, funikeni. Maji yakikaribia kukauka, toeni makaa chini, mengine muyaweke juu ya kifuniko. Mwacheni mke au mume anayejua moto aamue saa ya kufunua.

Na biriani? Tofauti yake ni kwamba mchuzi mzito wa nyama na mtindi hupikwa peke yake, na wali wake peke yake, ndipo vikutane. Ni kazi ndefu na gharama kubwa. Iacheni kwa Pasaka au ukumbusho wa ndoa yenu.

MAKOSA MANNE YA KUEPUKA

Kwanza, kulinganisha. Usimwambie mkeo, "Mama yangu hupika hivi," wala "Hotelini huwa hivi." Useme, "Mama watoto, nimetamani kitu fulani, tukipike Jumamosi?" Maneno haya mawili ni tofauti kama mchana na usiku.

Pili, kuongeza kazi bila kuongeza mikono. Kisiwa chetu hakina maji matamu ya kutosha. Wengi hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa katika jabia, au yanayovushwa kwa mashua. Kuosha mchele, kuchambua pojo, kuosha sufuria yenye mafuta, yote hayo ni maji na mgongo wa mtu. Baba anayetaka pilau aanze na mtungi wa maji.

Tatu, kutumia fedha kwa siri. Msinunue nyama ya pilau kwa pesa za karo. Nunueni viungo vizima kidogo kidogo, mvitwange wenyewe, mvitunze katika chupa iliyofungwa vizuri. Sahani za hotelini alizokuwa akila baba peke yake kwa siku chache zaweza kulisha nyumba nzima mara moja. Kaeni chini, mhesabu pamoja.

Nne, kusahau afya. Mafuta mengi na chumvi nyingi kila siku ni hatari, hasa kama mmoja wenu ana shinikizo la damu au kisukari. Vyakula vya sikukuu vibaki vya sikukuu. Pojo na samaki vinafaa siku za kawaida.

MAJIRANI ZETU

Hapa Lamu tunaishi na ndugu zetu Waislamu, na akina mama wao ni walimu hodari wa mapishi haya. Mama wa Kikatoliki asione haya kubisha hodi na kusema, "Mwanangu anapenda mahamri yako, nifundishe." Mwalimu wa mapishi huwa dada. Kumbukeni adabu ya pwani: bakuli la jirani lisirudi tupu. Na kama tunataka wale vyetu, vyombo tunavyowapelekea chakula visiwe vimepikiwa nyama ya nguruwe wala pombe. Mwezi wa Ramadhani tusipike na kula kwa majivuno mlangoni mchana. Heshima hii nayo ni ushuhuda wa Injili.

Na sisi tuna Kwaresima yetu. Ijumaa za Kwaresima, mwenye umri wa miaka 14 na kuendelea hujinyima nyama. Pojo za nazi au mbaazi zitatufaa. Lakini tusijidanganye: mwenye kuacha nyama halafu akajiandalia pilau la kamba na achari juu yake, ametii herufi tu. Mkila kidogo, tumbo litahisi, na kilichookolewa kiende kwa maskini.

MANENO MATATU MEZANI

Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume wa mwaka 2016 juu ya upendo katika familia, alisisitiza maneno matatu ambayo yasikosekane nyumbani: naomba, asante na samahani. Yasemwe mezani. "Naomba chumvi" badala ya "Lete chumvi." "Asante kwa chakula" kila siku, hata kama ni ugali na mchicha, hata kama aliyepika ni wewe jana na yeye leo. "Samahani" pale wali unapoungua, na zaidi pale neno linapomuunguza mwenzako.

MASWALI YA KUJADILIANA MUME NA MKE

1. Je, kuna neno nililowahi kusema juu ya chakula chako ambalo bado linakuuma?
2. Ni chakula gani cha utotoni mwako ambacho sijawahi kukipika wala kukuuliza?
3. Wiki iliyopita, nani aliteka maji, nani aliwasha moto, nani aliosha vyombo?
4. Je, watoto wetu wa kiume wanajua kuchemsha hata chai? Wa kike wakioza kwa watu wa namna hiyo, tutafurahi?

ZOEZI LA MWEZI HUU

Chagueni siku moja katika wiki. Mpike pamoja chakula kimoja kati ya vitatu tulivyovieleza. Asiyejua aulize, anayejua asicheke. Kabla ya kula, aliyezoea kukaa akisubiri chakula ndiye aongoze sala.

TUSALI

Ee Bwana Yesu, uliyewaandalia mitume wako samaki na mkate ufukweni, ubariki jiko letu, moto wetu na mikono yetu. Utuondolee dharau mezani. Uwakumbuke wanaolala na njaa, nasi utufanye wepesi wa kugawana. Amina.